Kwa nini kiongozi wa Black Panther aliweka makazi Imbaseni, Arusha?

Si mbali na Usa River, mkoani Arusha, kuna kijiji kinaitwa Imbaseni. Huko ndiko alikoweka makazi Pete O'Neal, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi waliopigania haki zao, mjini Kansas City, jimbo la Missouri. Ilikuwaje mtu wa Missouri akahamia kwa Wameru?

Wengi wakisikia Black Panther hukumbuka bunduki na makoti meusi ya ngozi. Kinachosahauliwa, na kwangu ndicho kikubwa zaidi, ni chakula: O'Neal na wenzake waliwapikia watoto wa maskini chai ya asubuhi kabla hawajaenda shule, bila kuwadai senti. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la kuvusha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine, akahukumiwa miaka minne jela. Akiwa nje kwa dhamana, yeye na mkewe Charlotte wakatoroka. Walipitia Sweden, wakakaa Algeria, na 1972 wakaingia Tanzania.

Hawakuja kwa kubahatisha. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), na wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipanga vita vyao kutokea huko. Malcolm X, mtetezi maarufu wa Wamarekani Weusi, alifika 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere. Robert Williams, mwanaharakati mwingine aliyesakwa na serikali ya Marekani, naye alipokelewa mwaka 1968. Nchi iliyokwisha kuamua kwamba uhuru wa Mwafrika ni jambo moja popote alipo haikuwa na sababu ya kuwafungia mlango akina O'Neal.

Nao hawakukaa tu. Walilima, wakafuga kuku, wakatengeneza soseji za kuuza. Mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii cha UAACC (United African Alliance Community Center), ambako vijana wa kijijini wamefundishwa Kiingereza, kompyuta na sanaa bila ada, huku Malcolm X akiwatazama kutoka kwenye michoro ya ukutani. Ni kazi ileile ya Kansas City, ila wanufaika sasa ni watoto wa Imbaseni.

Baadaye akaja Geronimo Pratt, Panther aliyekaa gerezani miaka 27 kabla hukumu yake ya mauaji haijatenguliwa 1997. Naye alijenga maisha Imbaseni, na huko ndiko alikofariki mwaka 2011. O'Neal hakupata bahati hiyo mahakamani: mawakili wake waliomba hukumu yake ifutwe, majaji wakakataa.