Kadi ya njano haikulindi na homa ya ini

Kwa anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie au Uvira, kule Kongo, kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ni lazima kama nauli. Shida huanza pale mtu anapoitoa mfukoni na kutamba, "Mimi ya ini nimeshachanjwa." Kauli hii iko bandarini, iko soko la Mwanga, na majuzi kaitoa mtu aliyesoma kabisa.

Homa ya ini ni ini kuvimba, basi. Chanzo huwa kirusi mara nyingi, ingawa pombe na baadhi ya dawa navyo hulivimbisha. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja wa kirusi kimoja, kinachoenezwa na mbu, hasa aina ya Aedes, yule anayeuma mchana.

Sikatai, vinachanganya. Kirusi cha homa ya manjano nacho hushambulia ini, macho yakawa ya njano. Ini likilemewa hushindwa kuondoa bilirubini, rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, nayo hurundikana kwenye ngozi na kwenye weupe wa macho. Ila njano hiyo ni dalili tu. Malaria kali huileta kwa kupasua chembe nyekundu kwa wingi, mwenye seli mundu anaijua vizuri, na kichanga wa siku tatu anaweza kuwa nayo.

Wanachosahau watu, na ndicho kinachoniudhi, ni kwamba wengi wenye homa ya ini B, moja ya aina zinazoletwa na virusi, A hadi E, hawana njano yoyote. Wanavua migebuka usiku kucha na jioni wako uwanjani. Kirusi B chenyewe si kinachoua seli za ini. Kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia seli zilizoingiliwa, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe. Mtu mzima mwenye kinga imara anaweza kuumwa hasa, macho yakageuka, kisha akakifukuza: chini ya watu wazima 5 katika 100 hubaki nacho. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa hana vita vya namna hiyo. Haumwi, halii, na takriban 9 kati ya 10 hubaki nacho miaka na miaka, hadi ini lianze kusinyaa au kuota saratani ukubwani.

Na hapo utakuta mwenye B katengewa sahani nyumbani! B hupita kwenye damu, ngono na uzazi, haipiti kwenye ugali. Wa kuhofiwa kwenye maji na chakula kilichoguswa na kinyesi ni A na E. C ni wa damu, na D hana ubavu bila B.

Chanjo nazo ni mbili tofauti. Watoto wetu huipata ya B ndani ya ile ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14. Mtu mzima hupimwa kwanza, kisha kwa kawaida huchomwa sindano tatu ndani ya miezi 6. Ya homa ya manjano ni sindano moja, na tangu 2016 cheti chake hakina tena kikomo cha miaka 10. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye kadi, kama ulichomwa mara moja ukaambiwa imetosha, hiyo ilikuwa ya mbu. Ya ini bado hujaanza.