Je, wajua kwa nini fundi wa pikipiki huinamisha kichwa ghafla kabla ya kuchomelea?

Aliyewahi kutazama American Chopper, kipindi kilichoanza kuonyeshwa na Discovery Channel mwaka 2003 kutoka karakana ya pikipiki aina ya chopa ya familia ya Teutul katika jimbo la New York, anaijua ishara hii. Fundi ameinamia fremu, ametulia, kisha kichwa kinaanguka mbele mara moja. Kofia inamfunika uso, na papo hapo mwanga mweupe unawaka. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni madoido ya kamera. Kumbe hana mkono wa kuishushia ile kofia.

Kazi nyeti za fremu na matangi ya pikipiki hizi mara nyingi hufanywa kwa njia iitwayo TIG. Mkono mmoja unashika tochi yenye ncha ya madini ya tangsteni, mwingine unalisha waya wa kujazia kidogo kidogo, na mguu uko kwenye pedeli ya kuongeza na kupunguza umeme, kama fundi cherehani. Tangsteni huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 3,400 za Selsiasi, chuma cha pua na cha kawaida karibu na 1,500, ndiyo maana ncha inabaki huku chuma kikiwa uji. Gesi ya argoni inatoka kwenye tochi ikifukuza hewa, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kikigusana na hewa hutoka na vitundu kama mkate. Njia hii ilibuniwa na Russell Meredith katika kampuni ya ndege ya Northrop, California, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ili kuunga magnesi, madini mepesi yanayoshika moto kirahisi.

Sasa, kioo cha kofia ya zamani ni cheusi kiasi kwamba bila mwanga wa kuchomelea huoni hata kidole chako. Fundi hulazimika kuiweka ncha mahali pake akiwa macho wazi, milimita chache tu kutoka kwenye chuma, kisha ashushe kofia bila mikono kusogea. Jaribu kuinamisha kichwa kwa nguvu huku umeshika uzi mbele ya tundu la sindano, utaelewa kwa nini ninawaheshimu watu hawa.

Mtazamaji husifu mshono unaofanana na sarafu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Ni kweli unapendeza, na unaonyesha mkono uliotulia. Lakini uzuri wa juu hauthibitishi kwamba chuma kimeyeyuka hadi ndani. Mahali pa kuogopa ni shingo ya fremu, pale uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, unapoingia. Chopa ina uma mrefu uliolala, kwa hiyo kila shimo la barabarani linaisukuma shingo hiyo kama mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo. Mshono uliolala juu juu, bila kuzama, unaweza kung'aa dukani na kuachia njiani. Kamera huonyesha cheche. Kusugua kutu, kukata mabomba yakaane sawasawa na kubana fremu isipindwe na joto ndiyo kazi yenyewe, nayo huchukua muda mrefu kuliko cheche.

Kofia ile inazuia nini hasa? Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno, ile ile ya jua inayobabua ngozi, ila hapa iko hatua moja kutoka usoni. Huunguza konea, utando angavu wa mbele ya jicho, bila maumivu yoyote wakati huo. Seli zilizoungua huchukua saa kadhaa kufa na kubanduka, ndipo neva zilizo chini yake zinapobaki wazi. Fundi anaweza kula chakula cha jioni vizuri, akalala, kisha akaamka usiku wa manane akihisi macho yamejaa mchanga.

Televisheni haitoi miale hiyo, hata picha iwe nyeupe kiasi gani. Mtu hutazama saa nzima na macho yasimuume, kesho yake akasimama kando ya fundi mtaani akikodoa macho, mtoto mkononi. Miwani ya jua haitoshi: kioo cha kuchomelea kwa kawaida ni cha giza la namba 10 hadi 13, cheusi kuliko miwani hiyo kwa mbali sana.

Tangu 1981, kampuni ya Hornell ya Uswidi ilipoleta kioo kinachojitia giza chenyewe mwanga unapowaka, fundi anaweza kushusha kofia mapema na bado akaona kazi yake. Kinachonifurahisha ni kwamba kichujio cha urujuanimno kimo ndani muda wote, hata betri ikiisha.

Lipo jambo moja ambalo kamera hailisemi, nalo linagusa kila anayeendesha bodaboda. Kwenye vipindi hivi utaona tangi la mafuta likichomelewa bila wasiwasi. Ni kwa sababu mara nyingi ni jipya, limetengenezwa kwa bati pale pale, halijawahi kutiwa petroli. Tangi la bodaboda linalovuja ni kitu kingine kabisa. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, hivyo tangi lililomwagwa mafuta, likabaki na harufu tu, ni bomu kuliko lililojaa. Fundi anayejua hulifungua, huliosha kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha hulijaza maji hadi karibu na tundu, au hupitisha argoni ndani, akiacha mdomo wazi. Wengi walio wazuri hulirudisha kwa mwenyewe na kumwambia atafute jingine.