Doksorubisini ndani ya liposomu: picha zinatuambia nini?

Doksorubisini ni dawa ya zamani. Kwa nini ifungwe ndani ya kiputo?

Kwa sababu ya moyo. Dawa hii huua seli za saratani, lakini ikizunguka mwilini hivihivi hudhuru misuli ya moyo. Doxil, jina la kibiashara la doksorubisini ya liposomu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, huibeba ndani ya liposomu: kiputo cha mafuta chenye kipenyo cha nanomita 80 hadi 100 hivi. Nanomita milioni 1 ndiyo milimita 1.

Kitu kidogo hivyo kinapigwaje picha?

Kwa hadubini ya elektroni. Tone la dawa hugandishwa ghafla ndani ya ethani ya kimiminika, haraka kiasi kwamba maji hayawahi kufanya fuwele za barafu, kisha hupigwa picha likiwa limeganda.

Na picha inaonyesha nini?

Hapa ndipo penye utamu. Unaona duara, na katikati yake mstari mweusi, mfano wa punje ya kahawa. Mstari huo ni dawa yenyewe. Ndani ya kiputo hutangulizwa chumvi iitwayo amonia salfati. Doksorubisini ikiingia hushikana na salfati, ikawa fuwele, ikashindwa kutoka kirahisi. Programu ya kompyuta hupima vipenyo vya viputo vingi, unene wa utando wake, na idadi ya vilivyo tupu. Kwangu mimi, faida kubwa iko kwenye dawa za bei nafuu zinazoiga Doxil: kiwango sawa cha dawa kwenye chupa hakitoshi, umbo la ndani nalo lilingane.

Picha ikiwa nzuri, dawa itafika kwenye uvimbe wa saratani?

Si lazima. Mwaka 1986 Matsumura na Maeda wa Japani walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo chembe kubwa kuliko molekuli za dawa za kawaida, kama liposomu, hupenya na kubaki humo. Lakini uvimbe mmoja hutofautiana sana na mwingine; mwingine hauvuji kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2016, nyingi zikiwa za panya, yalikuta kiwango cha kati cha chembe zilizofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya zilizodungwa. Nyingi hunaswa na ini na wengu.

Je, doksorubisini ya kawaida na ya liposomu zinaweza kubadilishana?

Hapana, hata kama jina ni moja. Dozi zake ni tofauti, na kuzichanganya ni hatari. Ya liposomu pia huweza kufanya viganja na nyayo viwe vyekundu, viume na kuchubuka. Ukiona hivyo, mwambie muuguzi kabla ya dripu inayofuata.