Umevaa glavu sawa, lakini mikono umenawa?

Jamani watumishi wenzangu wa afya, leo naongea na nyie kwanza, ila ndugu mliolaza wagonjwa msikimbie maana na nyie mna kipande chenu humu ndani.

Siku moja simama wodini muda wa raundi, usiangalie sura ya mtu, angalia mikono tu. Utamwona nesi kavaa glavu, kamgusa mgonjwa wa kitanda cha kwanza, kashika reli ya kitanda, kavuta pazia, kaandika kwenye faili, simu imeita kaitoa mfukoni kaikata, halafu na glavu zile zile huyo anaenda kufungua kanula (kile kimrija cha kwenye mshipa) ya mtoto kitanda cha tatu. Mwambie utasikia "si nimevaa glavu?" Sawa umejikinga wewe, huyo mtoto je? Na sio manesi peke yao, madaktari ndo kabisaa, tena wakubwa, na interni, yaani daktari aliye mafunzoni, anayewafuata nyuma anaiga kile anachokiona sio kile alichofundishwa darasani.

Tena hata hiyo kujikinga yenyewe ni nusu nusu. Glavu huwa zinakuwa na vitundu vidogo ambavyo kwa macho huvioni, ukiwa unazivua mikono inagusa upande mchafu, na kule ndani kuna joto na jasho kwahiyo bakteria wanazaliana vizuri tu. Ndo maana tunasema kila siku, nawa kabla ya kuvaa, nawa ukishavua, mgonjwa mmoja pea moja. Na kupima presha au kusukuma troli ya dawa kwa kawaida hakutaki glavu, unamaliza stoo bure halafu siku ya kuzalisha boksi liko tupu, hapo ndo kelele zinaanza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina nyakati 5 za kunawa ambazo bango lake liko karibu kila wodi: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa juu kama kuweka kanula au katheta (mpira wa mkojo), baada ya kugusa damu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Sasa ukifuatilia utaona zile za "baada" watu wanajitahidi, zile za "kabla" ndo zinarukwa sana, na sababu haifichiki, baada ya kushika usaha mtu anajiogopea mwenyewe, kabla ya kumshika mgonjwa haoni kama ana cha kuogopa. Hapo ndo pa kubadilika kwa kweli.

Na hili jambo sio jipya. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Ignaz Semmelweis aliona kina mama wanakufa sana kwa homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari na wanafunzi wao, ambao walikuwa wakitoka kupasua maiti wanapitiliza kwenda kuzalisha. Mwezi wa nne mwaka huo walikufa zaidi ya 18 katika kila 100, alipowalazimisha wanawe kwa maji ya klorini vifo vikashuka ndani ya miezi michache mpaka kama 2 katika 100. Wenzake wengi walichukia, eti daktari muungwana anaambiwaje mikono yake michafu. Miaka karibu 180 imepita na ile hasira bado naikuta wodini.

Muda sio kisingizio. Sanitaiza ni sekunde 20 mpaka 30 tu, sabuni na maji ni 40 mpaka 60. Sabuni ni lazima kama mikono imechafuka inaonekana, ukitoka chooni, au umehudumia mgonjwa wa kuharisha, nyingine sanitaiza inatosha na ni haraka zaidi. Ila hapa niwaseme na viongozi kidogo, chupa moja iko mlangoni kule na vitanda viko 30, nani atakuwa anatembea kila mara? Iwekwe kitandani au kwenye troli. Na famasia ya hospitali inaweza kutengeneza yenyewe kwa fomula ya WHO, ethanoli asilimia 80 na gliserini kidogo ya kulinda ngozi na haidrojeni peroksaidi, sio sayansi ya roketi.

Kucha za bandia na pete zenye vito wodini hapana, najua nitachukiwa lakini uchafu unajificha chini yake hata unawe vipi. Andazi na chai kwenye meza ya sindano pia hapana. Yunifomu ya wodini kwenye daladala na sokoni nayo ndo hivyo hivyo, ingawa kama hospitali haina chumba cha kubadilishia nguo tusimlaumu nesi peke yake.

Nyie mnaouguza, ukiona mtu anakuja moja kwa moja kwa mgonjwa wako sema tu kwa upole, "samahani dokta, sanitaiza hii hapa." Sio utovu wa adabu. Na wewe mwenyewe unawe kabla ya kumlisha, na usikae kitanda cha mgonjwa wa jirani.

Halafu kuna kujilinda kwenyewe. Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Kagera, kati ya waliofariki alikuwemo mtumishi wa afya. Na ya kila siku ni homa ya ini B, ambayo ukichomwa na sindano ya mgonjwa mwenye virusi vyake na hujachanja hatari yake inaweza kufika hata 30 katika 100, wakati ya Virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika 1,000, lakini watu wanaogopa hiyo ya pili tu. Chanjo ni dozi 3, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, na wengi wanaishia ya pili. Usirudishie kifuniko cha sindano, tupa kwenye sefti boksi (boksi maalum la kutupia sindano) hapo hapo, likifika robo tatu lifungwe. Ukichomwa usikamue wala usimwagie Jiki, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa siku hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na mwisho ni saa 72, unazimeza siku 28. Kadi yako ya chanjo iangalie leo, kama dozi ya tatu haipo nenda kitengo cha chanjo, huna haja ya kuanza upya.