Hapcheon: dhana potofu kuhusu wilaya ya milimani Korea Kusini

Hapcheon ni wilaya ya wakulima katika mkoa wa Gyeongsang Kusini. Kwa eneo inaizidi Seoul, lakini wakazi wake ni kama 40,000 tu. Yanayosemwa kuihusu mengi yana kasoro.

Dhana: Bomu la atomiki la Hiroshima liliwaua Wajapani peke yao.

Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ilikuwa na makumi ya maelfu ya Wakorea, na wengi wao kwao ni Hapcheon. Ndiyo maana wilaya hii huitwa Hiroshima ya Korea. Japani iliitawala Korea tangu 1910. Hapcheon, iliyobanwa na milima, ilikuwa na mashamba machache, na wakulima wengi wakapoteza hata hayo. Aliyetangulia Hiroshima akapata kibarua aliwaita ndugu na majirani; vita vilipopamba moto, wengine walichukuliwa kwa lazima.

Walionusurika walirudi mikono mitupu, wengi wakiwa wagonjwa, na 1950 vita vikazuka nyumbani. Japani iliwapa waathirika matibabu na posho, lakini agizo la 1974 lilimnyima posho aliyeishi nje ya nchi hiyo. Lilifutwa 2003, baada ya miaka ya kesi mahakamani, na wengi walishafariki. Makao ya kuwatunza wazee hao yalifunguliwa Hapcheon 1996. Wasomaji wa Kongo wana sababu yao ya kuijua habari hii: sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Dhana: Mbao za maandiko za Haeinsa zilichongwa hekaluni hapo.

Haeinsa, hekalu la Kibudha lililoanzishwa 802 katika mlima Gaya, limehifadhi zaidi ya mbao 81,000 za kuchapia maandiko matakatifu. Zilichongwa kati ya 1236 na 1251, wakati wafalme wa Goryeo, dola iliyotawala Korea enzi hizo, wamekimbilia kisiwa cha Ganghwa kuwakwepa Wamongolia, ambao walikuwa wameziteketeza mbao za kwanza mwaka 1232. Haeinsa zilifika mwishoni mwa karne ya 14. Sifa ya wilaya ni kuzitunza, na kwangu hiyo si sifa ndogo. Maghala ya karne ya 15 yana madirisha ya ukubwa tofauti mbele na nyuma ili hewa izunguke, na sakafu iliyochanganywa mkaa, chokaa na chumvi kudhibiti unyevu. Bado yanafanya kazi.

Dhana: Bonde la Chogye ni bonde kama mengine.

Ni kovu la kimondo. Mwaka 2020 wanajiolojia wa Korea walitangaza kwamba chini yake wamekuta miamba yenye alama za mgongano mkubwa, uliotokea miaka kama 50,000 iliyopita. Kreta hiyo, yenye upana wa kilomita 7 hivi, ni ya kwanza kuthibitishwa katika rasi nzima ya Korea.

Dhana: Hapa pamekuwa pembezoni siku zote.

Dara, mojawapo ya dola za Gaya (dola ndogo za kale za kusini mwa Korea), ilikuwa hapa. Makaburi yake ya Okjeon, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia 2023, yametoa panga za kifalme na hata kikombe cha kioo cha Kirumi. Baadaye Silla, mojawapo ya falme za kale za Korea, ilijenga ngome ya Daeya. Baekje, ufalme hasimu, ilipoiteka mwaka 642, alikufa humo binti wa Kim Chunchu, mwanamfalme wa Silla. Baba huyo alizunguka akitafuta washirika mpaka akafunga muungano na nasaba ya Tang ya China, na mwaka 660 majeshi yao yakaiangusha Baekje.