Hondohondo Mkubwa wa Asia: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana: Dume humfungia jike ndani ya mti asitoroke.

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi kuhusu ndege huyu, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Anayeziba mlango wa tundu la kutagia ni jike mwenyewe, akiwa ndani. Hutumia kinyesi chake na mabaki ya matunda, akivigandamiza kwa ubavu wa mdomo hadi ubaki ufa mwembamba wa wima. Dume humletea tini ndani ya koo lake na kuzicheua mojamoja kupitia ufa huo. Jike hutaga yai moja au mawili na kuatamia kwa siku 38 hadi 40. Hatoki humo kwa miezi mitatu hivi. Wakati ukifika, huubomoa ukuta yeye mwenyewe, mara nyingi kinda likiwa bado halijaweza kuruka, nalo kinda huuziba tena. Hatari iko kwingine: dume akipigwa na wawindaji, chakula kinakatika, na kizazi kizima cha msimu huo huenda kikapotea.

Dhana: Umanjano wa shingo ni rangi ya manyoya.

Manyoya hayo ni meupe. Ndege huyapaka mafuta ya manjano yatokayo kwenye tezi iliyo juu ya mkia, akitumia mdomo na kichwa. Jicho ndilo lisilodanganya: la dume ni jekundu, la jike ni jeupe.

Dhana: Ile kofia juu ya mdomo ni pembe nzito.

Ndani ina uwazi mkubwa, kwa hiyo ni nyepesi. Yenye sehemu ya mbele ngumu, inayowindwa kwa ajili ya vinyago, ni ya ndege mwingine: hondohondo wa kofia wa Malaysia, Sumatra na Borneo.

Dhana: Hula matunda tu.

Tini kwanza, naam, lakini mijusi, nyoka, panya na makinda ya ndege wengine huliwa pia.

Dhana: Mti mkongwe ukikatwa, atachonga tundu jingine.

Huyu si kigogota. Hutegemea tundu lililoachwa na tawi lililovunjika au kuoza, tena kubwa la kumtosha ndege wa kilo mbili hadi nne. Msitu unaweza kujaa tini na bado usiwe na pa kutagia. Hata tundu zuri huharibika: sakafu ikioza na kuzama, jike haufikii tena ufa. Huko Khao Yai, hifadhi ya taifa nchini Thailand, watafiti hukwea mti na kujaza udongo tunduni hadi sakafu ifikie kimo kinachofaa.