Deli la plastiki kama chombo cha kuloweka kimea

Katika kutengeneza bia nyumbani, kimea kilichoparazwa kikishachanganyika na maji ya moto, hakina haja tena ya moto. Kinataka joto lilelile kwa muda wa saa moja hivi, ili vimeng'enya vyake vigeuze wanga kuwa sukari. Kwa hiyo deli la plastiki la kupozea vinywaji, lenye kuta mbili na povu la kuhami katikati, linaifaa kazi hii kuliko sufuria yoyote isiyo na kihami. Deli zima, likipashwa kwanza, hupoteza nyuzi 1 hadi 2 tu za Selsiasi kwa saa.

Tuanze na ukubwa. Bia ya kawaida ya lita 20 huhitaji kimea cha shayiri kama kilo 5, na maji lita 3 kwa kila kilo, yaani lita 15. Kila kilo ya kimea kikavu hujaza nafasi ya lita 0.7 hivi, kwa hiyo mchanganyiko wote ni lita 18 na nusu. Deli la lita 38 hadi 45 linatosha, na linabakiza nafasi ya bia kali inayokula kilo 8 au 9. Usichukue kubwa zaidi ya hapo kwa kudhani unajiwekea akiba: kimea kidogo ndani ya deli kubwa hulala chembamba chini, juu hubaki hewa tupu, na joto hukimbilia huko. Kagua pia mfuniko. Mifuniko mingi haina povu ndani, ni plastiki yenye hewa tupu katikati, ukiugonga utasikia. Blanketi zito juu yake linamaliza tatizo hilo.

Sasa koki. Ile ya kubonyeza iliyokuja na deli haifai, maana haivumilii joto na tundu lake huzibwa na makapi. Itoe, na kwenye tundu lilelile pitisha nipo (kibomba kifupi chenye hesi) ya nusu inchi ya chuma kisichoshika kutu, kisha funga koki ya robo mzunguko kwa nje. Ukitumia shaba nyeupe, loweka vipande kwanza katika siki sehemu 2 na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 sehemu 1, kwa dakika 5 hadi 10, ili madini ya risasi, ambayo ni sumu, yaliyo juu ya uso yaondoke. Shaba ikigeuka rangi ya siagi, itoe na uisuuze; maji yakianza kuwa ya kijani umepitiliza.

Mpangilio wa washa, yaani pete bapa za kuzibia, ndio unaoamua uimara wa kazi hii. Ndani weka washa ya chuma, halafu washa ya silikoni inayogusa ukuta; nje vilevile, silikoni kwanza kisha chuma. Watu wengi huweka silikoni ya nje tu, wakaona haivuji, wakaridhika. Kumbe maji matamu, yaani maji ya kimea yenye sukari, yanapenya kati ya kuta mbili na kuingia kwenye povu. Huko huwezi kusafisha; yanaoza, yananuka, na povu lililolowa halihifadhi joto tena. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha robo mzunguko kwa spana. Ukizidisha, ukuta wa plastiki unabonyea na silikoni inachomoka pembeni. Baada ya hapo jaza maji ya nyuzi 75 uache nusu saa. Kupima kwa maji baridi hakukupi jibu, kwa sababu plastiki hutanuka kwa joto na kiungo kilichotulia kwenye baridi kinaweza kuanza kutoa machozi kwenye moto.

Kwa chujio napendelea paipu ya kuunganishia sinki, ile iliyofumwa nyaya nje. Kata ncha zote mbili, sukuma mfumo wa nyaya ulegee, kisha vuta mpira wa ndani utoke. Hakikisha ni nyaya za chuma kweli, kwani zipo za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha: sogeza uzi mmoja kwenye kibiriti, wa plastiki utayeyuka papo hapo. Sentimita 30 zinatosha. Ncha moja ifunge kwenye nipo kwa kibano, nyingine ikunje mara tatu na kuiponda ibane. Ndani ya bomba hilo la nyaya ingiza waya mgumu wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, la sivyo uzito wa kimea utalilalia na kulibana.

Chujio dogo kama hilo linaenda na namna moja tu ya kusuuza sukari iliyobaki kwenye kimea: kumwaga maji ya kwanza yote, kuongeza mengine kwa mkupuo, kukoroga na kumwaga tena. Sukari ikishakorogwa imeenea sawasawa, hivyo haidhuru maji yanatokea upande gani. Anayetaka kusuuza kwa kunyunyiza maji taratibu juu huku chini yakitoka, lazima atandaze bamba lenye matundu au mabomba kwenye sakafu nzima ya deli. Bila hivyo maji hufuata njia fupi kuelekea kwenye koki, na pembe za deli zinabaki na sukari yake.

Katika kuparaza, kila punje ipasuke vipande vichache lakini ganda libaki zima, kwa sababu maganda ndiyo yanayochuja. Nafasi ya takriban milimita 1 kati ya rola za kinu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukisaga kuwa unga, utapata gundi.

Kosa kubwa hutokea kwenye joto la mwanzo. Chukua joto unalotaka, toa joto la kimea, zidisha kwa 0.41, gawanya kwa lita za maji kwa kila kilo, kisha ongeza joto unalotaka. Kimea kikiwa nyuzi 25 na unataka 67 kwa lita 3 kwa kilo: 42 mara 0.41 ni 17.2, gawanya kwa 3 ni 5.7, jumla nyuzi 72.7. Hesabu hiyo haijui kwamba deli lenyewe ni la baridi na litanyonya joto lake. Pasha maji hayo yafike 78 au 80, yamimine, funika dakika 10, koroga, na subiri yashuke hadi 73 ndipo umwage kimea. Mwaga kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko mrefu mpaka chini. Donge lililo kavu katikati halitatoa sukari hata likae saa tatu.

Pima katikati na kwenye pembe, na usirekebishe chochote kabla ya dakika 5 kupita, maana joto bado linatafuta usawa. Likikaa chini ya ulivyotaka, lita 1 ya maji yanayochemka hupandisha mchanganyiko huu kwa nyuzi 2 hivi. Mimina huku ukikoroga. Likizidi, ongeza maji baridi bila kuchelewa, kwa sababu kimeng'enya kinachotoa sukari rahisi kuchachuka huharibika haraka joto likipita 70. Nyuzi 64 au 65 hutoa bia kavu (isiyo na utamu mwingi), 68 au 69 hutoa bia nzito mdomoni. Kamwe usimwage maji yanayochemka kwenye deli tupu: ukuta wa ndani hulainika, hutoka tumbo na kuachana na povu.

Baada ya dakika 60 weka tone la maji ya kimea, lisilo na maganda, kwenye sahani nyeupe na ulidondoshee iodini. Likigeuka bluu au jeusi, wanga bado upo. Ongeza dakika 15. Tone hilo litupe.

Fungua koki robo tu. Vikombe vya kwanza vitakuwa na matope na chembe. Virudishe juu taratibu, lita 2 hadi 4, mpaka maji yatoke safi. Anayefungua koki yote tangu mwanzo huvuta kimea chote kikashindilia chujio. Tumia bomba la silikoni, kwa sababu la plastiki ya kawaida hulainika na kujikunja. Kila kilo hubaki na lita 1 ya maji, kwa hiyo katika 15 utapata 10. Ongeza lita 15 za maji ya nyuzi 80, ambazo zitakifikisha kimea 75 hivi, koroga sana, acha dakika 10, rudisha ya kwanza kama awali, na umwage. Hizo ni lita 25 za kuchemsha. Usikipitishe kimea nyuzi 77, hasa maji yako yakiwa na pH ya juu, yaani asidi kidogo: maganda huanza kutoa tanini, na bia hukakamaza ulimi.

Maji yakigoma kutoka, acha koki wazi na upulize kwa nguvu kupitia bomba ili chujio lifunguke. Isipotosha, koroga upya, ongeza lita chache za maji ya moto, kwani mchanganyiko uliopoa huwa mzito, tulia dakika 10, anza tena polepole. Ngano na rai, nafaka inayofanana na ngano, hazina maganda. Ukizitumia kwa wingi changanya makapi ya mpunga yaliyosuuzwa, gramu 250 hadi 500 kwa kilo 5.

Machicha yatoke siku hiyohiyo, maana kufikia asubuhi yatakuwa yamechachuka na plastiki hushika harufu. Osha kwa sponji laini. Steelwaya huchora mikwaruzo ambayo uchafu hujificha ndani yake. Koki ifunguliwe vipande mara kwa mara, kwa kuwa maji matamu hukwama nyuma ya kile kidude cha duara kinachozunguka, na deli lihifadhiwe mfuniko ukiwa wazi.